Klabu Zenye Watu Hazina Nyumba

Debi ya Mashemeji imekaribia tena, na safari hii ni zamu ya klabu yangu, AFC Leopards, kuitwa timu ya nyumbani. Gor Mahia watakuja wakiwa wageni. Mimi ni mfuasi wa Ingwe tangu utotoni. Mwaka wa 1998, klabu ilipotwaa ubingwa wa ligi kuu, nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili, na furaha ya siku zile ilinifunga kamba ambayo hadi leo haijakatika. Kwa hivyo sitajifanya mtazamaji asiye na upande. Hata hivyo, jambo ninalotaka kulijadili leo haliwahusu Ingwe peke yao. Linawahusu K'Ogalo vilevile, na linamhusu kila Mkenya anayeipenda ligi ya nchi yake.

Kila mara mechi hii inapokaribia, wanafunzi wangu na walimu wenzangu huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, mnacheza wapi?"

Nami huwajibu, maana uwanja hutangazwa. Lakini swali lenyewe ni la ajabu tukilitazama vizuri. Mtu akikuambia kwamba Jumapili atakuwa nyumbani, humuulizi kama juma hili nyumbani ni wapi. Katika ligi yetu swali hilo ni la kawaida, tena ni la lazima. Leo timu ya nyumbani huchezea Nyayo, kesho Kasarani, mtondo Machakos au Dandora, na pengine ikajikuta Kisumu au Kakamega. Mfuasi wake huishi kama mpangaji aliyekwisha kuzoea kuhamishwa.

Linganisha hali hiyo na ya kijana wa chuo kikuu anayeshabikia Arsenal. Hajawahi kufika London. Lakini anajua kwamba timu hiyo huchezea uwanja wa Emirates uliofunguliwa mwaka wa 2006, na kwamba kabla ya hapo ilikuwa Highbury. Mwenzake wa Manchester United anajua kuwa Old Trafford imekuwa makao ya timu yake tangu 1910. Vijana hawa husema "Jumamosi tunacheza nyumbani" katika nafsi ya kwanza wingi, bila kusita. Wako watu wanaowalaumu kwamba wanaabudu mambo ya ng'ambo. Mimi siwalaumu upesi hivyo. Kiambishi tu- huhitaji mahali pa kusimama, na vijana hawa wamekisimamisha pale walipoonyeshwa nyumba.

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ilizaliwa katika ngoma. Mchezaji hodari akicheza mbele ya jamaa zake, watu huinuka na kumpa fedha, kumfuta jasho na kumpigia vigelegele. Kutunzwa huko kuna pande mbili: moyo na mfuko. Ligi za kandanda duniani zimejengwa juu ya pande hizo mbili. Timu ya nyumbani hupewa nguvu na sauti za watu wake, na hupewa riziki na lango lake. Kwamba sauti hizo si porojo tulilithibitisha mwaka wa 2020 wakati wa janga la korona. Ligi ya Ujerumani iliporejea mwezi wa Mei, viwanja vikiwa vitupu, timu za nyumbani zilishinda mechi chache kuliko ilivyokuwa desturi. Wachezaji ni wale wale na viwanja ni vile vile, ila watu hawakuwapo. Kwao kukawa si kwao.

Sasa tuitazame istilahi yenyewe. Walimu wa Kiswahili wanaosoma ukurasa huu hawana haja ya kufunzwa ngeli ya PAKUMU. Nomino nyumba ikipachikwa -ni huacha kuwa jina la kitu na kuwa jina la mahali, na huweza kuchukua upatanisho wa aina tatu. Nyumbani petu ni mahali maalumu panapoonekana, mtu aweza kupaonyesha kwa kidole. Nyumbani kwetu ni mahali kwa jumla, ni upande tunakoelekea na tunakotokea. Nyumbani mwetu ni ndani, penye mlango, ufunguo na mwenye kauli. Nyumba iliyokamilika huwa na yote matatu. Ninapoipima klabu yangu kwa kipimo hiki, naona imebakiwa na moja tu.

Tuanze na PA. Klabu zetu kubwa ziliwahi kuwa na mahali pa kuonyeshwa kwa kidole. Kabla ya uwanja wa Nyayo kufunguliwa mwaka wa 1983, na kabla ya Kasarani kujengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, kandanda ya Nairobi ilikuwa na kitovu chake katika uwanja wa City, kando ya Barabara ya Jogoo. Ulikuwa karibu na mitaa ya wafanyakazi kama Kaloleni na Shauri Moyo, na shabiki aliweza kwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Viwanja vikubwa vilipokuja, mechi kubwa zilihamia huko. Kisha viwanja hivyo vikawa hufungwa kila mara kwa ukarabati. Nyayo na Kasarani zote mbili zilipofungwa kwa matayarisho ya mashindano ya CHAN, ambayo hatimaye yalichezwa Agosti 2025, klabu za jiji zilitawanyika. Kwenda Machakos ni safari ya zaidi ya kilomita 60. Mwalimu mwenye watoto wawili anayetaka kuwapeleka mpirani hupiga hesabu ya nauli, tiketi na chakula, halafu huwasha televisheni na kutazama ligi ya Uingereza. Wala tatizo si la Nairobi peke yake. Uwanja wa Manispaa wa Mombasa ulibomolewa ili ujengwe upya, na watoto waliokuwa wakiupita wakienda shule ya msingi wakaingia sekondari kabla ya kazi kumalizika.

KU ndiyo iliyotubakia, na ndiyo iliyozizaa klabu hizi. Abaluhya, ambayo baadaye iligeuzwa jina ikawa AFC Leopards, ilianzishwa mwaka wa 1964. Gor Mahia ilianzishwa mwaka wa 1968. Waliozianzisha na kuzifuata walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliotoka magharibi mwa nchi kutafuta kazi mjini. Kiswahili cha Kenya hutofautisha vikali nyumba na nyumbani. Nyumba ni ile unayolipia kodi mwisho wa mwezi. Nyumbani ni kule unakokwenda Krismasi na kule utakakozikwa. Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, iliyolitikisa taifa hadi alipozikwa Nyalgunga mwaka wa 1987, ilisimama juu ya tofauti hiyo hiyo. Basi kwa mfanyakazi wa reli au wa kiwanda aliyekuwa na chumba kimoja cha kupanga, klabu ilikuwa nyumbani pekee alikoweza kwenda bila kupanda basi la usiku. Pale alisikia lugha yake, akakutana na watu wa kwao, akapata habari za misiba na arusi. Hiyo ndiyo KU: mwelekeo wa moyo. Serikali iliamuru majina ya kikabila yaondolewe katika klabu mnamo miaka ile ya kuelekea 1980, lakini mwelekeo wa moyo hauondolewi kwa waraka. Leo wako mashabiki wa klabu zote mbili wasiokuwa Waluhya wala Waluo, na hilo ni jambo jema, maana wamehamia kwetu kwa hiari.

Tukija kwenye MU, hapo ndipo penye aibu. Ndani ya kwetu ni mwa nani? Viwanja vya Nyayo na Kasarani husimamiwa na shirika la serikali. Karibu viwanja vingine vyote tunavyochezea ni vya kaunti. Klabu hukodi, hulipa, hucheza na kuondoka. Haina ufunguo. Haiwezi kutundika picha za mashujaa wake ukutani, wala kumwonyesha mtoto kiti alichokalia babu yake.

Hebu sasa tuwaangalie wenye ufunguo katika ligi yetu. Tusker wana Ruaraka kwa sababu kampuni ya bia iliyoizaa klabu hiyo ina uwanja. Bandari wana Mbaraki kwa sababu mamlaka ya bandari ina uwanja. Ulinzi Stars wana uwanja Lang'ata kwa sababu jeshi lina ardhi. Siwaonei kijicho. Wana haki ya kutumia walicho nacho, na uwanja uliotunzwa ni faida kwa ligi nzima. Lakini tazama kinyume kilichopo: klabu zenye nyumba zina watu wachache, na klabu zenye watu hazina nyumba. Wala jambo hili halikuishia mpakani. Dar es Salaam, Azam ya kampuni ina uwanja wake Chamazi, ilhali Simba na Yanga, ambazo mashabiki wao huenea nchi nzima, kwa miaka mingi zimeutegemea uwanja wa serikali. Kwetu hapa Afrika Mashariki, mwenye nyumba ni mwajiri. Umma, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, ni mpangaji.

Msomaji aweza kuniuliza: kuna hasara gani? Mpira si ni ule ule, na goli si ni lile lile? Hasara ni mbili, na ya kwanza ni ya mfuko. Mwenyeji wa mechi ndiye anayetarajiwa kupata mapato ya langoni. Lakini kabla ya kuyapata sharti alipe kodi ya uwanja, walinzi, wauza tiketi na gharama nyingine, na kila akihama huanza upya na lango asilolijua. Mabango ya uwanjani, vibanda vya chakula na maegesho ya magari si mali yake. Ndiyo sababu klabu zetu huning'inia kwenye uzi mmoja wa mdhamini. Mwaka wa 2019, kampuni ya kamari iliyozidhamini Gor Mahia na AFC Leopards ilipoacha biashara nchini baada ya mvutano kuhusu kodi, klabu zote mbili zilibaki zikihangaika. Zilikuwa na wafuasi wengi kuliko klabu yoyote nyingine ligini, na bado hazikuwa na mahali pa kuugeuza wingi huo kuwa mishahara ya wachezaji.

Hasara ya pili ni ya uhai. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa katika mkanyagano nje ya uwanja wa Nyayo, walipokuwa wakijaribu kuingia kutazama mechi hii hii ya Gor Mahia na AFC Leopards. Naandika sentensi hiyo polepole, kwa sababu mara nyingi tunaizungumzia debi kana kwamba ni tamasha tu. Watu wale waliondoka makwao kwenda nyumbani kwa timu zao, wakafia mlangoni. Mahali ambapo watu huja kila juma, mwaka baada ya mwaka, walinzi huwajua mashabiki na mashabiki huyajua malango. Kila mmoja hufahamu njia yake, kiti chake na saa ya kufika. Mahali pa kupangwa kwa siku moja, kila mtu ni mgeni: shabiki ni mgeni, askari ni mgeni, na hata aliyeshika funguo ni mgeni. Sisemi kwamba uwanja wa klabu ungezuia kila ajali, kwa maana hata klabu tajiri zimewahi kuzika mashabiki wake. Nasema kwamba ugeni wa pamoja ni hatari, na sisi tumeufanya kuwa utaratibu.

Wapo watakaosema kwamba dawa imekwisha kupatikana. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mwezi wa Septemba 2023 uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na kwa ajili hiyo serikali imetumia fedha nyingi kukarabati viwanja na kujenga kingine kipya kando ya Barabara ya Ngong. Nami nafurahi. Wakati wa CHAN, Agosti 2025, Wakenya walifurika Kasarani kuwashangilia Harambee Stars, hadi shirikisho la Afrika likapunguza idadi ya tiketi kwa sababu watu walikuwa wakiingia bila tiketi. Asiseme mtu tena kwamba Wakenya hawapendi timu zao. Lakini uwanja wa taifa ni sebule ya kupokelea wageni wa taifa. Haugeuki nyumba ya klabu kwa kuwa una viti vingi. Mashabiki 8,000 katika uwanja wa watu 8,000 ni ngurumo. Mashabiki hao hao Kasarani huonekana kama watu waliochelewa kuondoka baada ya mkutano.

Neno mwenyeji lenyewe latufunza. Asili yake ni mwenye mji: yule aliye na mji, naye ndiye awezaye kumpokea mgeni. Nalo neno ugenini, tunalolitumia kwa mechi za safari, halikujengwa juu ya jina la kitu kama nyumba. Limejengwa juu ya ugeni, ambao ni hali. Kwa mujibu wa Kiswahili, basi, mtu aweza kuwa ugenini popote, hata katika mji anaoishi. Ndivyo zilivyo Ingwe na K'Ogalo jijini Nairobi. Moja itaandikwa mwenyeji na nyingine mgeni, ilhali zote mbili zimo katika hali moja ya ugeni.

Nini kifanyike? Sitapendekeza ndoto ya kasri. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kusimamia vifaa vya michezo. Kaunti zina viwanja ambavyo siku nyingi hukaa bure, na klabu zina watu ambao hawana pa kukaa. Naziingie mikataba ya muda mrefu, ya miaka kumi au ishirini, ambayo kwayo klabu itautunza uwanja, itaugawa mpira na shule za jirani katikati ya juma, na kugawana mapato na kaunti kwa kiwango kilichoandikwa. Si lazima klabu imiliki ardhi ili iwe na nyumba. Uwanja wa San Siro ulikuwa mali ya manispaa ya Milan kwa miongo mingi, na AC Milan na Inter waliutumia kwa zamu tangu 1947. Wapinzani hao wa jadi walikaa chini ya paa moja, na hakuna aliyewahi kuuliza nyumbani kwao ni wapi. Kilichowapa nyumba si hati ya ardhi, bali ni uhakika.

Lakini mkataba hauwekwi sahihi na umati. Huwekwa sahihi na taasisi. Hapa sharti tujiambie ukweli sisi mashabiki. Klabu hizi ni za wanachama kwa jina, ilhali waliojiandikisha na kulipa ada ni wachache sana wakilinganishwa na wanaoimba. Kaunti itampaje ufunguo mtu ambaye uongozi wake hugombana mahakamani, hesabu zake hazisomwi, na daftari lake la wanachama ni jembamba? Anayetaka nyumba huanza kwa kujulikana ni nani. Shabiki anayelipa ada, akahudhuria mkutano mkuu na kudai kuonyeshwa hesabu, anaijengea klabu yake msingi kuliko yule anayepasua tarumbeta.

Kwamba jambo hili lawezekana tunaliona Kisii. Shabana waliporejea katika ligi kuu mwaka wa 2023 baada ya miaka mingi ya kuwa nje, watu wa Kisii walimiminika uwanjani Gusii kana kwamba ni siku ya soko. Hakuna siri kubwa hapo. Klabu ipo, mji upo, na uwanja upo katikati yao. Wala tusisahau kwamba bingwa wa kwanza kabisa wa ligi yetu, mwaka wa 1963, alikuwa Nakuru All Stars, timu iliyobeba jina la mji wake.

Na sasa mechi yenyewe. Debi hii twaiita ya mashemeji kwa sababu jamii mbili zilizozizaa klabu hizi zimeoana kwa vizazi vingi, na watu waliooana huruhusiwa kutaniana. Utani una mipaka yake. Shemeji humtania shemeji usoni pake, lakini hamrushii jiwe, wala hamvunjii kiti alichomkaribisha. Wanafunzi wangu watakaokuja, wa buluu na wa kijani, nawaomba wanunue tiketi zao mapema, wafike mapema, na wasisukumane langoni hata kipenga kikilia wakiwa bado nje. Dakika kumi za mchezo hazifai kulipiwa kwa roho ya mtu.

Kwa upande wangu nitavaa buluu na nyeupe, na nitaimba hadi sauti ikauke, ingawa Jumatatu asubuhi nina mhadhara wa fonolojia. Natabiri Ingwe watashinda kwa goli moja, na mtani wangu wa K'Ogalo katika idara yetu ameshaniambia ninaota. Yeye na wenziwe tutawapokea kwa heshima zote anazostahili shemeji. Laiti tungekuwa na mlango wetu wenyewe wa kuwafungulia.